Jibu la Mfano

Ruti alikuwa akiandika insha kama mtu aliyetumwa kuposa. Swali linamuuliza kwa nini wafanyabiashara hupoteza wateja, yeye anaanza na maana ya biashara, anapita kwenye enzi za kubadilishana chumvi na majembe, anaeleza umuhimu wa mteja katika taifa lolote lile, na ukurasa wa pili ukiwa unaisha ndipo hoja ya kwanza inachungulia mlangoni. Muda ukikatika ana hoja mbili na nusu. Swali lilitaka sita.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nimefundisha Komasi, somo la biashara, miaka thelathini na mitatu hadi nikastaafu, na miaka kumi na moja kati ya hiyo niliitwa kila Desemba kambini kusahihisha mitihani ya taifa. Najua msahihishaji ni mtu wa namna gani. Ni mtu aliyechoka, miguu imemvimba, bahasha zimejaa mezani, anatafuta hoja. Asipoiona kwenye mstari wa kwanza wa aya, harudi nyuma kuitafuta. Nilimwambia Ruti hayo mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa sauti, na mara ya tatu nikalitupa daftari lake mezani mpaka Restuta, msusi wa saluni aliyekuwa akikaa dawati la nyuma, akaacha kutafuna bigijii.

Ruti alilichukua daftari, akalinyoosha kurasa zilizokunjika.

"Mwalimu, naomba nikueleze," alisema. "Kwetu Isansa mgeni akisema neno lake angali mlangoni, watu wanajua ameleta msiba. Mtu anakaribishwa kwanza. Anakaa, anaulizwa habari za alikotoka, za shamba, za watoto. Neno lenyewe linakuja mwisho. Nikianza na hoja naona kama nimemvunjia heshima anayesoma."

"Msahihishaji si mkwe wako."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mpe msiba wake mlangoni, aendelee na safari."

Darasa zima lilicheka, na yeye akacheka. Lilikuwa darasa la watu kumi na watatu, watu wazima wanaorudia mtihani wa kidato cha nne, kwenye chumba cha nyuma cha duka la pembejeo hapa Tunduma. Tulianza saa kumi alasiri na kumaliza jua likizama, tukinusa mbolea na kusikiliza maroli yakijikongoja kwenye foleni ya mpakani.

Ruti alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alikuwa karani wa ofisi ya uwakala wa forodha, kazi aliyoifanya miaka tisa: kupokea nyaraka za maroli, kuzikagua, kuzipeleka kwa watu wa forodha, kuzifuatilia mpaka roli livuke kwenda Nakonde. Wafanyabiashara wa ng'ambo walikuwa wakifika ofisini wanamuulizia yeye kwanza. Kwa kazi hiyo alikuwa akimsomesha mwanawe kidato cha kwanza na kumtibu mama yake kule Isansa. Mwaka huo bosi wake, Gasper, aliamua kuipa ofisi sura mpya, akatangaza kwamba ikifika tarehe thelathini na moja Januari kila karani awe ameleta cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa somo moja la biashara. Asiye nacho ataondoka. Ruti alikuwa amefanya mtihani wa Komasi mara mbili, na mara zote mbili sehemu ya insha ilimwangusha. Huu wa tatu ulikuwa wa mwisho, maana matokeo yangetoka mwishoni mwa Januari na hapakuwa na mwaka mwingine wa kujaribu.

Nilimwahidi kwamba safari hii angefaulu. Nilisema hivyo mbele ya darasa, kwa sauti.

Kufikia Agosti alikuwa ameshika. Mstari wa kwanza hoja, mistari miwili mitatu ufafanuzi, kisha mfano, kisha aya mpya. Nilikuwa nampimia dakika kwa saa ya mkononi na alikuwa akimaliza hoja sita dakika nne kabla ya muda. Lakini mifano yake ilikuwa hewa tupu. "Kwa mfano, kiwanda fulani." "Kwa mfano, mfanyabiashara anaweza kumuuzia mteja bidhaa mbovu." Nilikuwa nachora mstari mwekundu chini ya kila mmoja.

"Kiwanda gani?" nilimuuliza siku moja. "Mfanyabiashara gani? Wa wapi? Miaka tisa uko mpakani, umeona biashara zinazaliwa na zinakufa, halafu unaniletea kiwanda fulani?"

"Ninayoyajua ni ya ofisini, Mwalimu. Ya ofisini si ya kuandika."

"Anayesoma yuko mbali. Hakujui, hamjui bosi wako, hata Tunduma pengine hajafika. Mimi nimesahihisha miaka kumi na moja, sijawahi kumtafuta mtu niliyemkuta kwenye karatasi. Mfano wenye jina na mahali unapata alama. Mfano usio na jina unapita hewani."

"Na wewe ukishasoma?"

"Mimi ni mwalimu wako. Yatabaki kati yangu na wewe."

Akasema sawa.

Wiki ya tatu ya Septemba aliniletea insha. Swali lilikuwa lilelile la wafanyabiashara kupoteza wateja, ambalo nilikuwa nimebashiri litatoka. Aliiandika kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka, Kiingereza chake cha mpakani, kifupi na kisicho na madaha, na hoja ya tatu ilisema hivi:

"Mfanyabiashara hupoteza mteja anapomdanganya jambo ambalo mteja hawezi kulihakikisha siku hiyo, lakini atakuja kulijua. Kwa mfano, Bwana Mutale wa Nakonde alikuwa na roli la maparachichi kutoka Mbozi kwenda Kasama. Ofisi ilimwambia mtandao unasumbua. Aliyemwambia ni mimi, nilitumwa. Alilala kwenye roli siku tatu. Mtandao haukusumbua. Nyaraka zake zilikuwa juu ya meza ya mkuu wa ofisi, chini ya chupa ya chai, zikingoja za rafiki wa mkuu zitangulie. Siku ya nne Bwana Mutale alinipa parachichi moja lililolainika, akaniambia, dada, kula wewe, mimi nimeshiba. Hakurudi tena kwetu."

Niliisoma nimesimama. Nilipofika mwisho nikakaa. Katika maisha yangu nimesoma maelfu ya insha na sikumbuki kama niliwahi kusahau kwamba nimeshika kalamu. Nilimpa kumi na tisa kwa ishirini, na ile moja nilimnyima kwa sababu sijawahi kumpa mtu ishirini.

"Ba Mutale alikuwa mtu mwema," Ruti alisema, akilichukua daftari. Alimwita kama watu wa Nakonde wanavyowaita wakubwa wao. "Nilikuwa naogopa kulisema hili hata kanisani."

Nilimwomba aniachie daftari nikalitazame tena nyumbani. Aliniachia bila kuuliza.

Sasa nieleze ujinga wangu. Mtaa wa pili kutoka kwetu alikuwepo kijana anaitwa Fanuel, aliyemaliza chuo juzi, naye alikuwa na darasa lake. Huyo hafundishi kuandika, anagawa madesa. Kila wiki wanafunzi wake wanapewa karatasi zilizochapwa, maswali na majibu, wanakariri kama kwaya. Wanafunzi wangu walikuwa wameanza kumtamani. Siku moja Ruti hakuja, ilikuwa mwisho wa mwezi na ofisini kwao watu wamejaa, Restuta akanyoosha mkono.

"Mwalimu, usikasirike. Wenzetu kwa Fanuel wana madesa mpaka ya hitimisho. Sisi tunaambiwa tu tumekosea. Hatujawahi kuona iliyo sahihi inafananaje."

Nilikasirika. Niliongea robo saa nzima juu ya madesa na watu wanaokula chakula kilichotafunwa na mwingine. Lakini neno lake lilinichoma, maana nilikuwa ninayo iliyo sahihi, ilikuwa kwenye mkoba wangu, na ilikuwa imetoka kwenye mikono yangu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, kwamba imetoka kwenye mikono yangu. Nilitaka waione. Nilitaka na Fanuel aione.

Nikatoka na daftari hadi stesheneri ya jirani. Kabla ya kurudufu nilifanya kile tulichokuwa tukifanya kambini tukitaka kuwaonyesha wenzetu karatasi ya mtahiniwa: nilikata kipande cha karatasi nyeupe nikalifunika jina la Ruti pale juu, kwa uangalifu, lisionekane hata nukta. Kambini jina la mtahiniwa ni namba ile ya juu tu. Ikishafunikwa, karatasi haina mwenyewe na unaweza kuipitisha meza kwa meza. Miaka kumi na moja ya kazi hiyo ilikuwa imenizoeza macho, na macho yangu hayakushuka chini kwenda kwa Mutale, wala kwa mkuu wa ofisi, wala kwenye chupa ya chai. Nilitoa nakala thelathini. Juu niliandika kwa mkono wangu: JIBU LA MFANO.

Darasa lilifurahi. Restuta aliipiga picha palepale na kuituma kwenye kundi la simu. Jioni hiyo nilipigiwa na watu wawili nisiowajua wakiuliza kama nafasi bado zipo.

Ruti alirudi siku ya pili yake. Alikuta nakala moja juu ya dawati. Aliisoma taratibu mpaka mwisho, kana kwamba hajawahi kuiona, akaikunja mara mbili akaiweka ndani ya Biblia aliyokuwa akitembea nayo. Alisubiri wenzake watoke.

"Mwalimu, ulisema itabaki kati yangu na wewe."

"Jina lako nimelifunika. Nimelifunika vizuri."

"La ba Mutale je?"

Nilichukua nakala iliyokuwa karibu, nikaitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona walichokuwa wanakiona watu wengine wote. Nilimwomba radhi, mimi ambaye sijawahi kumwomba mwanafunzi radhi, na yeye akasema haidhuru kwa sauti ya mtu ambaye inamdhuru sana.

Nilizunguka siku tatu kuzikusanya. Nilizipata kumi na tisa. Picha za kwenye simu nani atazikusanya. Ruti akawa anakwenda kazini kila asubuhi akimtazama Gasper usoni kabla hajasema shikamoo, kujua kama ameisoma. Aliniambia amekuwa akinywa chai ya ofisini bila kusikia ladha yake. Oktoba ikaisha. Gasper hakusema kitu. Inaelekea wafanyabiashara hawasomi madesa ya wanafunzi, na sisi tulipumua, tukaona Mungu ametupitisha.

Mtihani wa Komasi ulikuwa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza. Wote kumi na watatu nilikuwa nimewashauri wajiandikishe kituo kimoja ili wapeane moyo. Nilikuwa nje ya geti tangu asubuhi, viatu vimejaa tope. Restuta alikuwa wa kwanza kutoka, anakimbia.

"Mwalimu, limetoka. Swali lako limetoka lilelile."

"Umeandika?"

"Nimemwaga lote. Hoja sita, mifano yote. Mpaka chupa ya chai."

Wa pili akatoka, naye chupa ya chai. Wa tatu, Mutale na maparachichi yake. Walikuwa wakipongezana, wakinishika mkono, mmoja akanikumbatia, na mimi nilikuwa nahesabu waliotaja chupa ya chai.

Maana najua bahasha zinavyofungwa. Watahiniwa wa kituo kimoja wako bahasha moja, na bahasha moja hukabidhiwa mtu mmoja, naye anawasoma mmoja baada ya mwingine. Mwaka wangu wa sita kambini nilikutana na karatasi saba kutoka kituo kimoja, zote zina fundi baiskeli yuleyule anayemkopesha mteja yuleyule mnyororo. Nilizipanga mezani, nikampelekea mkuu wa kambi, na nikasifiwa mbele ya wenzangu wakati wa chakula. Wote saba walifutiwa. Sikujiuliza hata siku moja kama kati ya wale saba yupo mmoja ambaye baba yake alikuwa kweli fundi baiskeli.

Ruti alitoka karibu na mwisho. Alikuwa anatabasamu, na mimi sikuwa nimeliona tabasamu hilo tangu Septemba.

"Nimeanza na hoja, Mwalimu," alisema. "Zote sita. Nimemaliza dakika tano kabla. Ya tatu niliogopa, lakini nimeiandika."

"Ungebadilisha mfano," nilisema. Lilinitoka tu.

"Kwa nini nibadilishe? Ni wangu."

Sikumwambia. Nilimwangalia akienda kupanda bodaboda arudi kazini na sikumwambia, si siku hiyo wala Krismasi aliponiletea kilo ya kahawa ya kwao, imekaangwa na mama yake, imefungwa kwenye kitambaa safi. Nilijiambia huenda bahasha ikaangukia mtu mzembe. Kila usiku nilimwombea msahihishaji nisiyemjua usingizi. Mke wangu aliniuliza naumwa nini nikamwambia tumbo.

Matokeo yalitoka tarehe ishirini na tisa Januari. Nilikwenda kuyatazama kwenye stesheneri ileile, kijana akanivutia ukurasa kwenye kompyuta. Wawili wangu walikuwa wamefaulu, wawili wamefeli kawaida. Mbele ya namba tisa palikuwa na nyota, na chini ya ukurasa maelezo ya nyota: yamefutwa kwa udanganyifu. Namba ya Ruti ilikuwa ya nne katika wale tisa.

Alikuwa ameshaona kwenye simu yake. Alinikuta nimekaa kwenye lile darasa tupu, na hakuwa analia. Alikaa dawati la mbele, pale pale alipozoea.

"Wanasema nimedesa," alisema. "Mwalimu, nimedesa kwa nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu bahasha, kuhusu wale saba na fundi baiskeli, na kwamba nililijua hili tangu siku ya mtihani, pale getini. Nilisema yote kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuficha tena. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo aliyesahihisha hakukosea."

"Hakukosea. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile."

Nilitoa karatasi. Nilimwambia nitaandika barua ya rufaa sasa hivi, nitakiri kwamba insha ni ya mtahiniwa huyu, kwamba mimi Zabron niliirudufu na kuigawa bila ruhusa yake, wanifanye watakavyo. Niliandika haraka, hasira zote nikizimimina pale, ukurasa mzima. Nikamsomea. Alitikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa, kwa kufikiri.

"Watajuaje kwamba ni yangu? Hata Restuta anaweza kuleta mwalimu akasema ni yake."

"Mambo yaliyomo ni ya ofisini kwenu. Yametokea. Yupo shahidi."

"Nani?"

Niliiweka kalamu chini. Mutale hakuwa shahidi wa kitu, yeye aliambiwa mtandao unasumbua na akaondoka anajua hivyo, au anashuku tu. Aliyejua nyaraka zilikuwa chini ya chupa ya chai alikuwa Ruti, na mwenye chupa.

"Itabidi Gasper aandike kwa mkono wake kwamba ni kweli," Ruti alisema. "Akubali alimwozeshea mtu maparachichi kwa ajili ya rafiki yake. Akikubali, amejiharibia. Akikana, mimi ni mdanganyifu mara mbili, na tena nimemchafua."

"Twende tumwombe. Nitapiga magoti."

"Mwalimu, nilishakwenda. Nimetoka huko sasa hivi." Alikuwa analikunja pindo la kitenge chake na kulikunjua. "Sikumwambia ya insha. Nilimwambia nimefeli tu. Alisikitika, alisikitika kweli, akasema miaka tisa si mchezo. Amesema Ijumaa nikabidhi funguo, na atanipa barua nzuri ya kunitambulisha, nikaombe kazi kwingine. Ataandika mimi ni mwaminifu. Ukiituma hiyo yako, hiyo ya kwake sitaipata."

"Kwa hiyo jina lako libaki na udanganyifu?"

"Huko kwenye mtandao libaki. Barua ya Gasper mama anaweza kuishika mkononi."

Aliniomba niichane. Nilimbishia, nilisema haki ni haki, nilisema maneno mengi ya mtu anayetaka kusamehewa. Alisubiri nimalize kama alivyokuwa akisubiri siku zote nilipokuwa nikigomba, kisha akaunyoosha mkono, akaichukua barua, akaichana mwenyewe. Vipande alivitia kwenye mkoba wake asiniachie uchafu mezani. Akaniaga vizuri, akaniambia nimsalimie mke wangu. Jumamosi alipanda gari kwenda Isansa, na mwanawe nikasikia amehamishiwa shule ya huko.

Nilitaka kufunga darasa. Nilimwambia hata mwenye duka. Lakini wale wawili waliofaulu walinitangaza, na watu hawasomi nyota za waliofutiwa, wanasoma alama za waliofaulu. Machi nilikuwa na watu ishirini na wawili, wengi kuliko aliokuwa nao Fanuel. Mmoja wao anaitwa Kabula, binti wa wafugaji wa Msangano, mwerevu, anakaa mbele na hapotezi muda. Wiki ya pili alisimama akaomba atuonyeshe jinsi anavyojua kujibu swali la wateja. Akaanza. Alikuwa amelishika lote kwa moyo, kwa Kiingereza kilekile kifupi, hoja, ufafanuzi, mfano, na sauti yake ilikuwa safi. Alipofika kwenye parachichi wenzake waliinua vichwa wakimsikiliza. Alimaliza akabaki amesimama.

"Umelipata wapi?" nilimuuliza.

"Lipo kwenye simu za watu wote, Mwalimu. Wanaliita insha ya Mwalimu Zabron." Akatabasamu kwa haya. "Nilikuwa nataka kukuuliza. Yule dada wa ofisini aliyetumwa kusema uongo, alikuwepo kweli?"

Darasa lote lilikuwa linanitazama, kalamu mikononi, tayari kuandika nitakachosema. Nilimwona Ruti wazi kabisa, amekaa pale pale alipokuwa amesimama huyu binti, analinyoosha daftari lake.

"Hapana," nilisema. "Ni mfano tu. Kaa chini."